Masenge Amepanda Baiskeli

Nsemulwa, Mpanda
14 Aprili 2024

Masenge wangu,

Amahoro. Barua hii nataka ikukute umekaa vizuri, na kama umekaa vibaya ikukute hivyohivyo, usijipange kwa ajili yangu.

Sisi huku tunaendelea. Hana ametimiza miaka minne na maneno yake ni ya mtu wa arobaini. Juzi kaniuliza kwa nini wewe unaitwa Masenge na si shangazi kama mashangazi wa wenzake. Nimemwambia mashangazi wapo kila mahali, masenge yuko Mishamo tu. Claude ana miezi mitano, ananyonya kama anayekimbizwa. Enoka yuko na lori lake, wiki hii Tabora, wiki ijayo Mungu anajua. Mimi naamka, nakaanga maandazi, napeleka sokoni Kashaulili, narudi, nafua. Nikikaa chini tu, nimelala.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Tangu tumzike mume wako, Mzee Dieudonne, mwezi wa kumi na moja, nimekuja kukuona mara mbili. Mara zote nimekukuta kwenye kigoda jikoni, uji unapoa mkononi, unanijibu "eee" na "hapana". Mwanao Aloyce anasema umeacha jumuiya, umeacha hata shamba la maharage. Masenge, umenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa na miaka saba. Nakujua. Wewe si mtu wa "eee".

Kliniki ya watoto kuna nesi mmoja anapenda kutuhubiria. Siku moja aliongea juu ya wazee waliofiwa. Anasema mzee anahitaji kitu anachofanya kwa kupenda, siyo kwa sababu njaa imemtuma, la sivyo mawazo yanamla akiwa amekaa. Nikakuona wewe. Ndiyo maana nimekutumia nyuzi nyekundu na nyeupe na sindano ya kufumia. Fuma vitambaa vya viti. Anza na kimoja.

Simu sipigi, unajua tunavyofanyaga. Wewe unasema "nini?", mimi nasema "nini?", vocha inaisha. Na huo mwandiko wako uliojifunza ukubwani pale parokiani naupenda. Ukimaliza mpe Aloyce, atapeleka kwenye basi.

Mwanao,
Joséline


Mishamo
9 Juni 2024

Mwana wanje Joséline,

Amahoro na kwako, na kwa Hana mwenye maneno, na kwa Claude mwenye kiu, na kwa huyo baba yao wa barabarani. Nimechelewa kujibu. Sababu ninayo ila haiandikiki.

Mahindi tumevuna, si mabaya. Séverine, mama wa kwaya, amepata mjukuu wa kike, wamempa jina la bibi yake na sasa bibi anatembea kama ndiye aliyezaa. Mwanangu Aloyce hajambo, ukatekista wake unaendelea, mahubiri yanarefuka kila Jumapili, tunasinzia kwa zamu.

Nyuzi zako ni nzuri. Nimeziweka kwenye sanduku zisipauke.

Umeniambia nitafute kitu cha kupenda. Nimekipata. Usiniulize. Ukiona mwandiko umeinama usishangae, kiganja cha kulia kimechoka, nashikashika kitu kigumu siku hizi.

Nina jirani mpya, Doto, Msukuma, wale waliohamia na ng'ombe ng'ambo ya mto. Anauza maziwa kwa baiskeli, magaloni mawili nyuma, na bado anaweza kumtukana mbuzi aliye barabarani bila kushuka. Asubuhi ananiambia "Mwangaluka", mimi namwambia "Amahoro", hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Juzi alinisimulia jambo la mume wake na ndama nikacheka. Nikasikia kicheko nikageuka kuangalia ni nani ameingia.

Ni mimi,
Masenge Annonciata


Nsemulwa
30 Juni 2024

Masenge,

Nakusalimu, ila salamu yangu leo ina miguu mifupi.

Aloyce amenipigia. "Josée, njoo umchukue mama yako, amekuwa dereva!" Nikafikiri anatania. Anasema tangu mwezi wa tano Doto anakufundisha kuendesha baiskeli ya marehemu. Wewe, miaka sitini na saba, kwenye Foniksi ya kiume yenye bomba katikati, umejifunga kitenge. Anasema kigango kizima kinaongea. Na anasema ulianguka penye kalavati, ukafungwa bandeji, ukamkataza asiniambie.

Kumbe kiganja kimechoka. Masenge! Kwangu mimi?

Aloyce ana lake la mila. Anasema kuganduka bado, kwamba mpaka siku ile ya kumaliza matanga ndipo vitu vya marehemu wanapewa wenyewe, na kabla ya hapo baiskeli haitakiwi kutoka ukutani. Mimi mila siijui sana. Naujua mfupa. Hapa Nsemulwa bibi wa nyumba ya tatu ameteleza tu uani kwake, nyonga ikavunjika, sasa ni miezi minane hajasimama. Anageuzwa kama mtoto. Namwona kila nikipita.

Mama sina. Baba aliondoka nikiwa tumboni. Nikikupoteza wewe hakuna tena mtu duniani ambaye mimi ni mtoto wake. Kwa hiyo sikuombi, nakukataza. Nimemwandikia Aloyce, nimemwambia aichukue baiskeli aifungie kwake. Najua utanikasirikia. Nikasirikie ukiwa mzima.

Fuma vitambaa.

Joséline


Mishamo
4 Agosti 2024

Joséline,

Amahoro. Barua imefika. Baiskeli iko kwa Aloyce. Mkono umepona. Maharage tumepukuchua. Wote wanakusalimu.

Annonciata


Nsemulwa
25 Agosti 2024

Masenge wangu,

Nimefurahi umenisikia, Mungu akubariki. Nilikuwa naogopa utagoma kama yule mbuzi wako wa zamani. Claude ameanza kusimama, anaanguka upande wa kushoto tu, tunamwekea mto. Enoka alikuja siku mbili, akala, akalala, akaondoka.

Ila barua yako ilikuwa fupi. Nimeigeuza nyuma nikadhani inaendelea. Na umeandika "Annonciata", kama barua ya serikali. Ni kazi tu, au kuna jambo? Vitambaa umefikia wapi?

Mwanao,
Joséline


Nsemulwa
6 Oktoba 2024

Masenge,

Wiki sita hujajibu. Leo nakuandikia bila kuzunguka, na barua hii anakuja nayo Doto, siyo Aloyce. Utaelewa.

Jana nilikuwa sokoni na beseni langu, Claude mgongoni. Akaja mwanamke mrefu, viatu vyekundu kwa vumbi, akasimama mbele yangu kama askari.

"Wewe ndiye Josée wa maandazi?"

"Ndiye mimi."

"Yule wa barua?"

Nikasema barua gani. Akasema, "Nipe matatu, halafu nikuangalie vizuri. Nilitaka kuiona sura ya mtu aliyemfunga bibi."

"Nani amefungwa?"

"Baiskeli imefungwa kwa Aloyce. Bibi amejifunga mwenyewe jikoni. Hatoki. Nikipita na maziwa nasema Mwangaluka, ananijibu kwa mkono. Uji anakoroga, anampa mbwa. Mbwa amenenepa, bibi amebaki mifupa."

Nikamwambia, "Alianguka! Ulitaka avunjike?"

"Alianguka mara tano," akasema, anatafuna. "Unayoijua wewe ni ya tatu. Kila akianguka anacheka, anasema turudi tulipoanzia. Mama yangu mzazi kule Shinyanga ana sabini na mbili, anakwenda mnadani kwa baiskeli na kurudi. Nyie Warundi mnafikiri mwanamke kazi yake ni kukaa kwenye keria kama gunia la mihogo?"

Wauza nyanya wote wakacheka. Mimi sikucheka. Akainama, akaongea polepole sasa, "Na ile barua yako, Aloyce aliisoma mbele ya ukoo wote. Bibi alikuwa amekaa pale anasikiliza. Na hizi zake anazokujibu anazipitia kabla ya kupeleka kwenye basi. Hakukuambia?"

Hukuniambia.

Masenge, mimi niliandika barua ile kwa mapenzi. Sikujua itasomwa kama hukumu. Lakini hata ingesomwa chumbani, maneno yalikuwa ni yangu. Niliona mfupa unaoweza kuvunjika. Sikuona kilichokuwa kimeshavunjika, na ulikuwa unakiunga mwenyewe.

Sasa nataka kitu kimoja, na hapa sitalegeza. Niambie ukweli. Usiniambie mahindi, usiniambie wote wananisalimu. Niambie wewe ukoje. Mpe Doto, anakuja Mpanda tena tarehe ishirini.

Nakula sasa hivi nikiandika. Wewe kula.

Joséline wako


Mishamo
19 Oktoba 2024

Mwana wanje,

Umetaka ukweli. Kaa chini, mpe Claude ziwa anyamaze.

Baada ya kumzika Dieudonne nilikuwa naamka nalala tena. Nilikuwa nahesabu mabati ya nyumba. Yako ishirini na mbili. Nikimaliza naanza upande wa pili, labda yameongezeka. Sikuwa nalia. Wanaolia wanajua wanataka nini. Mimi nilikuwa sitaki kitu, hata chumvi. Siku moja nilisimama kisimani nikaona maji yako mbali chini na nikawaza, ni mbali kweli? Nikaogopa yale mawazo nikarudi bila maji. Hilo sijamwambia mtu. Doto tu, kwa sababu ni mgeni na hana ukoo hapa.

Yeye hakunihubiria. Alisema, "Kesho njoo uishike baiskeli yangu nikinywa maji." Nikaishika. Kesho yake, "Isukume mpaka pale." Siku ya nne nikamwambia nyumbani kwangu ipo moja ukutani inaota kutu.

Nikueleze. Nchi hii niliingia kwa miguu mwaka sabini na mbili, nina miaka kumi na tano. Halafu nikaolewa, na Dieudonne alikuwa na baiskeli, na mimi nilikuwa na keria. Kanisani, shambani, hospitali kujifungua Aloyce, kote keria. Mume wangu alikuwa mtu mwema, mgongo wake naujua, kuna alama ya kuungua bega la kushoto. Lakini, Joséline, miaka arobaini na kitu barabara za Mishamo nimeziona pembeni tu. Mbele kulikuwa na shati. Siku niliyokaa mimi kwenye tandiko, Doto ameshikilia nyuma, niliinua macho nikaona barabara inakuja yenyewe. Yote. Nikapiga kelele kama mtoto, na nikaanguka palepale, na nikataka tena.

Kichwani hakukuwa na bati hata moja. Huwezi kuhesabu mabati ukiwa unatafuta usianguke.

Halafu barua yako. Aloyce alituita, wazee wamekaa, akasimama kama anasoma somo la kwanza. "Sikuombi, nakukataza." Mbele ya wakwe. Mimi niliyekufundisha kufunga kitambaa cha kichwa. Sikukukasirikia kwa sababu uliogopa. Nilikasirika kwa sababu niliamini. Nilisema, mtoto ana haki, mimi ni mzee, wazee hukaa. Nikarudi nikakaa.

Aloyce usimchukie. Amefiwa na baba, na kila kitu cha baba yake anataka kisisogee.

Kuganduka ni tarehe kumi na sita mwezi ujao. Baiskeli atapewa Aloyce, ndiyo mila, mimi sitabisha.

Nyuzi zako nakurudishia. Sijazifungua. Toka mwanzo nilikuwa nataka kukuuliza na wewe ulikuwa unaniagiza tu. Wewe unafanya nini kisicho kazi? Barua zako zote ni kukaanga, kufua, kuanguka usingizi. Nesi wako aliongea juu ya wazee peke yao? Una miaka ishirini na sita na mwandiko wako umechoka kuliko wangu.

Leo nimekula ugali na dagaa. Doto amekaa mpaka nimemaliza, shetani yule.

Masenge wako


Nsemulwa
10 Novemba 2024

Masenge wangu,

Amahoro. Barua yako nimeisoma mara nne. Ya kisima nilishindwa, nikatoka nje, nikamwangalia Hana anacheza na masufuria, nikarudi.

Nilipanga kuja kuganduka. Siwezi. Claude alilazwa kwa malaria, jana ndiyo tumetoka, amebaki macho tu ila ananyonya. Enoka yuko njiani. Kwa hiyo kitakachofika ni karatasi.

La kwanza. Uende zahanati, uongee na mganga kuhusu zile siku za mabati na kisima. Kama ulivyoniambia mimi, usipunguze. Doto atakupeleka, tumeshakubaliana, kwa hiyo usimdanganye kwamba umekwenda. Hilo silibadilishi.

La pili. Nimemwandikia Aloyce, na nakuandikia wewe nilichomwambia ili asikiruke. Nimesema hivi:

"Kaka Aloyce, barua yangu ya mwezi wa sita uliisoma mbele ya ukoo. Na hii isome mbele ya walewale, kwa sauti ileile. Mimi Joséline nilikosea. Nilimkataza mtu aliyenilea kitu kilichokuwa kinamrudisha kwetu. Sikumuuliza kwa nini anakipenda. Mila ya baba naiheshimu, lakini tukimaliza matanga ya baba na tukaanza ya mama, hapo tutakuwa tumeganduka nini? Mama asafiri kwa baiskeli ile. Kama ni mfupa wake, atachunga yeye, na ukivunjika nitakuja kumuuguza mimi na watoto wangu mgongoni. Sitakulaumu wewe wala Doto."

La tatu ni kwako. Breki zitengenezwe kabla hujaigusa. Kitenge ukifunge juu au uvae suruali ndani, cheni haina adabu. Barabara ya malori hapana, njia za ndani tu, na ukisikia lori popote unashuka. Mimi bado naogopa, Masenge. Sasa nitaogopa kimyakimya.

Swali lako nimelikimbia mpaka mwisho. Sifanyi chochote. Nilikaa nikafikiri na sikupata hata kimoja. Basi wodini, Claude amelala, nikafungua nyuzi ulizorudisha. Nimefuma kitu. Mama wa kitanda cha pili ameuliza kama ni chandarua cha panya. Nimecheka mpaka nesi akaja.

Mwanao asiyelegea,
Joséline


Stendi ya Bulamata
12 Desemba 2024

Mwana wanje Joséline,

Amahoro. Naandikia gotini, basi la Mpanda limefika na wanapakia magunia, kwa hiyo herufi zitaruka.

Kuganduka kulikwenda vizuri. Watu walikunywa, kwaya ya Séverine iliimba mpaka sauti ya tatu ikapotea. Koti alipewa mdogo wa marehemu, Mzee Sixte, halimtoshi, amelivaa. Ikafika baiskeli. Aloyce akasimama, akatoa barua yako mfukoni. Nilidhani hataisoma. Akaanza. Alipofika "mimi Joséline nilikosea" akanyamaza, akakohoa. Doto kule nyuma, hata hakualikwa, akapaza sauti, "Soma, katekista! Ile ya kwanza uliisoma bila kumeza mate!" Watu wakaangua kicheko. Akasoma mpaka mwisho. Penye "matanga ya mama" sauti ilimkatika kabisa, na mimi nikaangalia chini, sikutaka mwanangu aone kwamba nimeona.

Halafu unajua alivyo, akajikaza. Akasema, "Basi, kwa mila baiskeli ni yangu. Mama nitamwazima, siku atakayoniomba."

Nilikuwa nimekuambia sitabisha. Nikajikuta nimesimama. "Aloyce, siombi na siazimi. Wewe mwenyewe nilikubeba tumboni na juu ya keria ileile, na hakuna aliyeniazima."

Mzee Sixte, ndiye mkubwa sasa, akaweka kibuyu chini. "Aloyce mwanangu, wewe si una pikipiki?" "Ninayo, baba mdogo." "Una makalio mangapi?"

Yakaishia hapo.

Nilifikiri amechukia. Jumanne mvua imeanuka kidogo nikasikia cheni mlangoni. Ni yeye, anaisukuma. Ametia breki mpya mbele na nyuma, akanikagulia mara tatu. Halafu akatoa spana mfukoni, akashusha tandiko, kwa sababu miguu yangu ni mifupi kuliko ya baba yake. Miezi yote ile nilikuwa nainyooshea vidole vya miguu na sikuwaza kwamba linashuka. Akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Nyayo zote mbili zikagusa chini. Akasema, "Barua zako sitazisoma tena, mama," akaondoka haraka kabla sijapata jibu.

Zahanati nimekwenda. Mganga ni kijana, ila anasikiliza. Amenipa tarehe ya kurudi, nitarudi. Presha iko juu kidogo. Huzuni haijaondoka, nisikudanganye, Jumapili nilihesabu mpaka bati la kumi na nne ndipo nikakumbuka maziwa jikoni yanachemka. Lakini Alhamisi ni siku ya Doto na mimi, na Alhamisi sihesabu.

Nyuzi endelea nazo. Hicho chandarua cha panya nakitaka, ukimaliza kitume, nitatandika kwenye keria.

Leo tumekuja kwa njia za ndani, nimeshuka mara mbili kwa ajili ya lori kama ulivyosema, na mara moja kwa ajili ya matope, hiyo haikuwa kushuka. Kitenge kimeharibika. Nimefika. Konda ameniuliza, "Bibi, barua hii nani ameileta?" Nimemwonyesha. Ameangalia baiskeli, ameangalia mimi, ameangalia matope, akasema, "Peke yako?" Nikamwambia Doto yuko dukani anabishana bei ya sabuni, lakini ndiyo, peke yangu.

Wanapiga honi. Wacha nimpe, na mimi nina safari ya kurudi.

Masenge wako